Kamoji ya Onui

Tarehe ishirini na tatu ya mwezi wa tatu, mwaka wa nane wa enzi ya Meiwa, ambao kwa hesabu ya sasa ni 1771, Otsune wa kijiji cha Tokiwa alirudi kutoka Kyoto na mfuko mtupu. Majirani wawili waliokuwa wakipalilia mboga kando ya njia walimwona, na kwa kuwa mfuko wa kazi ile hubebwa kichwani, hakuwa na pa kuuficha.

Wanawake wa Tokiwa waliishi kwa nywele zilizoanguka. Walizunguka mjini, nyuma ya nyumba, wakiita, "Ochanai ka?" yaani, "Hakuna kilichoanguka?" Wenye nyumba walitoka na vifurushi vya karatasi vyenye nywele zilizobaki kwenye vitana vyao mwezi mzima, wakapewa sindano, uzi au vipande vya kitambaa. Watu wa mjini hawakujisumbua kuwajua majina. Waliwaita kwa mwito wao wenyewe, Ochanai, na mama na binti yake na mkwe wake wote walikuwa Ochanai.

Otsune alikuwa na mzunguko mmoja tu, aliorithi kwa mama mkwe wake, na kiini chake kilikuwa mtaa wa mafundi wa mapepeo. Kila mwanamke wa Tokiwa alikuwa na mitaa yake. Aliyeingia mtaa wa mwenzake hakusalimiwa tena kisimani. Kwa hiyo Otsune akifungiwa mtaa wa mapepeo, hana mwingine wa kwenda.

Siku ile hakuna aliyemfungia. Hilo ndilo lililomtia wasiwasi.

"Leo hatujachana, Ochanai," alisema mke wa mpaka gundi, yule fundi anayegandisha karatasi za mapepeo, na kichwa chake kinang'aa kwa mafuta mapya.

"Tulikuwa nazo, lakini mkwe wangu amezitia motoni. Vijana wa siku hizi!" alisema wa nyumba ya pili.

"Jua kali leo, maskini. Si urudi kwenu upumzike? Uje mwezi ujao. Au ule mwingine," alisema wa tatu.

Otsune alikuwa na miaka arobaini na moja, na ishirini kati ya hiyo alikuwa ameipitisha kwenye milango ya nyuma ya Kyoto. Alijua kuwa katika mji ule mtu hakufukuzi. Anakuonea huruma mpaka uondoke mwenyewe.

Aliyemwambia sababu ni Jinpachi, mlinzi wa lango la mtaa, mtu wa maneno mengi ambaye hakuzaliwa Kyoto.

"Mama wa manywele, humo mfukoni una mkasi?"

"Nina sindano. Unataka nikushone mdomo?"

"Nishone basi, nitafurahi. Wenzangu wote wamenuna leo." Akasogea karibu. "Hujasikia? Onui, yule binti wa Bi Osato wa duka la mapepeo. Jana asubuhi ameamka, fundo lote la nywele hakuna. Limekatwa shinani, chwa! Na mlango umefungwa kwa ndani."

"Nani kakata?"

"Hilo ndilo wanaloulizana. Osaka huko nako zimekatwa, eti na wauza nywele za bandia. Na wewe juzi jioni ulipita hapa."

"Nilipita mchana."

"Mimi nasema mchana. Mtaa unasema jioni."

Otsune aliondoka hapo akiwa na orodha yake mwenyewe kichwani. Jinpachi ndiye mwenye ufunguo wa lango. Rihei, fundi anayenunua nywele zake, ndiye mwenye mikasi mikali kuliko yote mjini. Alifika mpaka kumshuku mke wa mpaka gundi, kwa kosa tu la kung'aa kichwa.

*

Asubuhi iliyofuata alikwenda kwa Rihei. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye harufu ya mafuta na nywele zilizochemshwa, na kamoji zimening'inia ukutani kama mikia ya farasi weusi.

Kamoji ni fungu la nywele la kuongezea. Mwanamke ambaye nywele zake hazitoshi kujaza fundo linalotakiwa na umri na cheo chake huliingiza ndani ya zake na kulifunga, na fundo likifungwa vizuri hata mumewe hajui. Jina lenyewe lilitoka kwa wanawake wa ikulu. Hao waliona haya kutaja vitu vya mwilini na vya jikoni kwa majina yake, kwa hiyo walichukua sauti ya kwanza ya jina na kuiongezea "moji", yaani herufi. Nywele za bandia ziliitwa kazura, nao wakasema "ile herufi ya Ka". Na kazura, kabla haijawa nywele za mtu mwingine, ulikuwa mmea unaotambaa. Watu wa kale waliusokota na kujivika kichwani siku za ibada, ili nguvu ya mmea iwaingie. Rihei alikuwa akiwaeleza hayo wateja wake wote, hasa wale waliolalamika juu ya bei.

Siku hiyo hakueleza kitu. Alichukua kifurushi kidogo alicholetewa na Otsune, mabaki ya mwezi uliopita, akakifungua, akaanza kutazama nywele moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Unatafuta nini?" Otsune akauliza.

"Chawa."

"Miaka kumi hujatafuta chawa."

Rihei aliweka nywele chini. "Haya. Natafuta zilizokatwa. Wakija hapa kupekua, wakikuta za kukatwa ambazo siwezi kusema nimezitoa wapi, watanifunga mimi kwanza, wewe baadaye."

"Mikasi yako usiku ule ilikuwa wapi?"

"Loh! Na wewe?"

"Mimi nauliza tu. Kila mtu anauliza."

Walitazamana, kisha Rihei akacheka bila furaha. Alimwambia kuwa Bi Osato ametuma mtu. Anataka kamoji kwa ajili ya binti yake, haraka. Tarehe nane ya mwezi wa nne watu wa mji wa Otsu, wauza karatasi wakubwa, watakuja kumwona Onui ili wamposee mwana wao. Lakini Rihei hakuwa nayo. Nywele za Onui zilikuwa na mawimbi, kitu ambacho mtaani kilijulikana tangu utoto wake na kilichomgharimu mama yake mafuta mengi, na ukutani kwa Rihei kila kitu kilikuwa kimenyooka kama mvua.

"Nikiweka iliyonyooka juu ya zile, zitaachana kama paka na mbwa. Nani mwingine Kyoto ana nywele za hivyo?"

Otsune alifunga mfuko wake. Alikuwa nazo yeye.

Nywele zenye mawimbi huharibu kamoji iliyonyooka, kwa hiyo vifurushi vya Onui alikuwa akivitenga kila mwezi na kuvitupia kwenye kikapu nyumbani. Wakati wa baridi alishonea navyo mito ya sindano, kwa sababu mafuta ya nywele huzuia kutu. Mwaka ule na uliotangulia hakuwa ameshona. Kikapu kilikuwa kimejaa.

*

Bi Osato alimwita kwa mlango wa nyuma. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini, mjane, na duka lake ndilo lililotazamwa na mtaa mzima: akifungua madirisha wanafungua, akiacha kununua kwa muuza samaki fulani, muuza samaki huyo anahama. Mama yake aliwahi kutumika ikulu, na kwa hiyo Bi Osato hakuwa akitaja kitu kwa jina lake hata alipokuwa na haraka.

"Nasikia Rihei ana shida na ile herufi," alisema.

"Ndiyo, Bi Osato."

"Nikafikiri labda wewe, unayepita kwingi, umekutana na kitu kinachofanana. Sisemi umekutana nacho wapi. Wala sitauliza."

Lakini macho yake yalikuwa yanauliza. Yalikuwa kwenye mfuko.

Onui aliletwa, kitambaa kichwani. Alikuwa na miaka kumi na minane, mrefu, na aliketi kwa adabu sana. Kitambaa kilipoondolewa, Otsune aliona shina la nywele limesimama kisogoni kama brashi ya gundi. Alilishika. Binti hakushtuka, hakulia. Mtu aliyekatwa nywele na asiyemjua, Otsune alifikiri, angeshtuka akiguswa kisogo na mgeni.

Bi Osato alitoka kuleta chai. Onui akageuka mara moja.

"Shangazi, niletee mbaya."

"Nini?"

"Lete nyekundu. Lete ya mkia wa farasi. Ukipata ya mbuzi, lete ya mbuzi. Watu wa Otsu wakiniona nayo, wanywe chai yao waende zao."

Otsune aliuachia mkono wake ushuke polepole. "Ziko wapi?"

"Zipi?"

"Zilizokuwa hapa."

Onui alitazama mikeka. "Wanasema mbweha hukata nywele za watu. Mbweha haachi maneno ya wapi alikoweka."

"Mbweha huyo atanifungisha mimi kamba."

"Wewe? Hakuna aliyekutaja, shangazi. Nasikiliza kila siku nyuma ya mlango. Hakuna hata mmoja."

"Ndiyo maana naogopa."

Binti alifungua mdomo, akaufunga. Kwa mara ya kwanza alionekana hana uhakika. Lakini nyayo za mama yake zilikuwa zimeshafika barazani, na chai ikamiminwa, na likazungumzwa jua.

*

Njia nzima ya kurudi Tokiwa Otsune aliigeuza habari ile. Akimwambia Bi Osato kwamba binti yake amejikata mwenyewe, nani ataliamini neno la Ochanai dhidi ya binti wa duka la mapepeo? Akileta mbaya, kama alivyoombwa, harusi itavunjika, na mtaa utasema aliyekata ndiye aliyeharibu. Akileta nzuri, ile inayolingana kabisa, na nywele zinazolingana kabisa na za Onui ni za Onui tu, atakuwa ameingia mtaani na ushahidi wa hatia yake mikononi. Kadiri atakavyofanya kazi vizuri ndivyo atakavyoonekana mwizi.

Alimwaga kikapu sakafuni. Alizichambua siku mbili, mizizi upande mmoja na ncha upande mwingine, akamletea Rihei.

Rihei aliposhika fungu la kwanza alirudi nyuma kama aliyeguswa na kaa la moto. "Otsune! Hizi ni zake."

"Angalia mwenyewe."

Aliangalia. Alipeleka mzizi mmoja mmoja kwenye dirisha. Kila unywele ulikuwa na kitone chake cheupe mwishoni, kama mche uliong'olewa, na hakuna mbili zenye urefu mmoja.

"Zimeanguka," alikubali. "Mimi naona. Lakini mtaa una macho yangu? Wataona mawimbi tu." Akakuna shingo. "Nitaifunga, kwa kuwa ni kazi nzuri na sijapata kufunga ya hivi. Lakini wakikushika, mimi sikukuona."

"Ulinitafutia chawa."

"Hata chawa sikuwaona."

*

Kamoji ilikuwa tayari siku tatu kabla ya watu wa Otsu. Otsune hakwenda mlango wa nyuma. Alisimama langoni mchana, wanawake wakirudi sokoni, akamwambia Jinpachi:

"Mwambie Bi Osato kitu chake kimekwisha. Aje akichukulie hapa."

"Hapa? Mama, kitu hicho si cha langoni. Kitu hicho hata chumbani hunong'onwa."

"Leo ni cha langoni."

"Umechanganyikiwa. Ngoja nimwite, sitaki kukosa." Akakimbia.

Bi Osato angeweza kukataa. Lakini Jinpachi alikuwa ameutangaza ujumbe njia nzima, na kutokwenda kungekuwa jibu. Alikuja na mwavuli, akitembea bila haraka. Nyuma yake alikuja Mohei, msimamizi wa mtaa kwa mwaka ule, ambaye pia alikuwa mshenga wa ile ndoa ya Otsu. Wanawake waliokuwa wakienda zao wakakumbuka ghafla kwamba viatu vyao vinataka kufungwa upya.

"Ungepita nyuma, Ochanai, kama siku zote," alisema Bi Osato kwa upole. "Jua hili litakuumiza."

"Nyuma sina shahidi, Bi Osato."

Hakuna aliyewahi kumsikia Ochanai akisema hivyo. Otsune alishusha mfuko kichwani, akafungua karatasi, akaiinua kamoji juu kwa mkono mmoja. Ikashuka yote mpaka kiunoni kwake, na mawimbi yake yakaonekana mpaka upande wa pili wa barabara.

"Toba!" alisema mke wa mpaka gundi. "Si za Onui hizo?"

"Za Onui! Tazama!"

"Na amezileta mwenyewe, bila haya!"

Mohei alinyoosha fimbo yake mbele ya Otsune, kama mtu anayezuia mbuzi. "Nywele hizi umezitoa wapi?"

"Muulize aliyenipa."

"Nakuuliza wewe."

"Nami nimejibu. Aliyenipa yuko hapa."

Bi Osato alikunja mwavuli. Aliipokea kamoji kwa mikono miwili, akaipitisha vidoleni kuanzia ncha mpaka mzizi, polepole. Alikuwa amezichana nywele zile kila asubuhi tangu binti yake akiwa wa kubebwa. Vidole vilipofika mwisho, pale penye vitone vyeupe, vilisimama. Hakukuwa na mahali palipokatwa.

Otsune aliona uso wa mama yule ukifanya hesabu. Kama hizi ni zilizoanguka, zilizokatwa bado ziko mahali. Mlango ulikuwa umefungwa kwa ndani. Ndani walikuwa wawili.

Bi Osato aligeuza kichwa kidogo kuelekea dukani, kwenye madirisha ya fito za mianzi, ambako kivuli cha mtu mrefu kilikuwa kimesimama. Angeweza kunyamaza. Kunyamaza kungemtosha: mtaa ungemshika Otsune, binti angevaa kamoji nzuri kupita zote Kyoto, na watu wa Otsu wangekunywa chai na kupanga siku. Otsune alilijua hilo.

"Nimempa mimi," alisema Bi Osato. "Kila mwezi, kwa mkono wangu. Ni zilizobaki kwenye kitana nikimchana mwanangu."

Mohei alishusha fimbo nusu. "Na zile zilizokatwa?"

"Nyumba ilikuwa imefungwa. Mtu wa nje hakuingia."

"Basi ni nani?"

"Sijasema ni nani. Nasema mtu hakuingia. Nyuma yetu kuna kihekalu cha mungu Inari, na mwaka huu tumechelewa kuwapelekea mbweha wake tofu ya kukaanga. Kila mmoja anajua."

Neno mbweha lilipita kwenye kundi kama upepo kwenye mianzi. Mohei aliinama karibu naye, akasema kwa sauti aliyodhani ni ya chini:

"Bi Osato, fikiri. Binti aliyeguswa na mbweha... Watu wa Otsu hawatakubali. Mimi mwenyewe nitalazimika kuwaambia."

"Waambie."

"Mwizi ni afadhali. Mwizi anakamatwa, mambo yanakwisha."

"Mwizi gani, bwana Mohei? Unamwona mwizi hapa? Mwonyeshe."

Mohei alimtazama Otsune, akatazama mwavuli, akakohoa. Hakumwonyesha.

Dirishani kile kivuli kilikuwa kimekaa chini.

Bi Osato akatoa kwenye mkono wa vazi lake kifurushi cha karatasi ya mapepeo, nywele za mwezi ule, zake mwenyewe, akakitia mfukoni mwa Otsune mbele ya wote. Wanawake waliona. Mke wa mpaka gundi alisema kumbe na yeye anazo kidogo, alikuwa amesahau.

Lakini kabla ya kuondoka Bi Osato alisogea, akauliza bila kumtazama usoni:

"Miaka yote hiyo, za mwanangu hukuziuza. Ulikuwa unaziweka za nini?"

"Mito ya sindano, Bi Osato."

"Mito ya sindano."

"Huzuia kutu."

Bi Osato alitikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyepewa bei asiyoiamini lakini hana nyingine. Nywele za mtu zilizowekwa kwenye kikapu cha mtu mwingine zinaweza kufanyiwa mengi, na kila mama wa Kyoto aliyajua. Alichukua mwavuli wake akarudi dukani, kamoji ikiwa imefungwa kifuani.

Jinpachi alimsindikiza Otsune mpaka nje ya lango. "Umeshinda, mama."

"Wewe unaonaje? Ni mbweha?"

Mlinzi alifikiri. "Mimi ninayelala hapa kila usiku, mbweha sijamwona. Wewe nimekuona." Akacheka, lakini alirudi nyuma hatua moja alipokuwa akicheka.

Watu wa Otsu walipelekewa taarifa siku iliyofuata, nao wakajibu kwa heshima kubwa kwamba mwaka huu mtoto wao bado mdogo. Onui atakaa ndani mpaka nywele zake ziote, jambo litakalochukua miaka mitatu au zaidi, na akitoka kabla ya hapo atavaa kamoji. Mtaa umekubaliana katika kikao cha mwisho wa mwezi kwamba Otsune aendelee kukusanya, mradi aingie mchana tu, nywele za kila nyumba azitie mfukoni mbele ya mwenyewe, na Jinpachi atembee nyuma yake kutoka lango la kwanza mpaka la pili. Ataanza tarehe tano ya mwezi wa tano.